Makosa niliyofanya na lori, wewe usiyarudie

Kijana, kama umewahi kusimama Mlolongo jioni ukatazama malori yakijipanga kuelekea mizani, huenda ulijiambia moyoni: hii kazi naiweza. Nami nilijiambia hivyo nikiwa na miaka 21. Nilikuwa na cheti cha Kidato cha Nne kwenye bahasha ya kaki, na nimebisha milango ya ofisi hadi viatu vikaisha soli. Siku moja dereva fulani aliniuliza kama naweza kufunga turubai. Nikasema ndiyo, ingawa sikuwahi kufunga hata moja. Hivyo ndivyo nilivyoanza kazi ya utingo.

Nilikaa kwenye kiti cha kushoto kwa miaka minne, kisha nikahamia cha kulia, penye usukani. Lori lenyewe lilikuwa la magurudumu kumi. Tulikuwa tunabeba simiti kutoka Athi River hadi Kitale, tukirudi na mahindi. Leo siendeshi tena, na sababu yake nitakueleza. Lakini kabla ya hapo, acha nikupe makosa yangu moja baada ya jingine. Ukiyatazama vizuri utaona yanafanana. Katika kila kosa nilidhani ninaokoa kitu: dakika kumi, lita tano za dizeli, shilingi elfu mbili. Na kila mara bili ilikuja baadaye, ikiwa kubwa kuliko nilichookoa.

Kosa la kwanza: kusimama mahali dereva hanioni

Wiki yangu ya pili kazini, dereva alikuwa anarudisha lori nyuma kwenye ghala mjini Kitale. Kazi yangu ilikuwa kumwongoza. Nikasimama katikati kabisa, nyuma ya bodi, nikipiga kelele “kuja, kuja, kuja!” Nilidhani sauti inatosha. Injini ilikuwa inanguruma, yeye hasikii, na vioo vya pembeni havionyeshi mtu aliyesimama pale. Nilipogundua kwamba ukuta uko mgongoni mwangu, lori lilikuwa limebakisha hatua mbili. Niliruka kando kama mbuzi.

Dereva hakunigombeza. Aliniita, akanikalisha kwenye kiti chake, akaniambia nitazame vioo. Kisha akazunguka lori lote polepole. Kuna mahali alipotea kabisa, nikawa simwoni. Nyuma, mbele karibu na bampa, na upande wa kushoto chini ya dirisha. “Umeona?” akaniuliza.

Basi shika hili: ukiwa huoni uso wa dereva kwenye kioo chake cha pembeni, jua naye hakuoni. Haijalishi wewe ni utingo, uko kwa bodaboda au unavuka barabara kwenda shule. Dereva wa lori si mkatili. Kuna sehemu kubwa tu ambazo macho yake hayafiki. Na ukiwa wewe ndiye dereva, usipomwona anayekuongoza, simama hapo hapo. Shuka ujionee mwenyewe. Hiyo ni dakika moja tu.

Kosa la pili: nati ambazo hazikurudiwa

Tulipata pancha usiku tukiwa karibu na Timboroa. Ukiwahi kufika huko usiku unajua ile baridi si ya mchezo. Tukapiga jeki, tukabadilisha gurudumu la nyuma, nikakaza nati kwa spana na bomba refu. Dereva alinikumbusha kwamba tukifika Burnt Forest nishuke nizikaze tena. Tulipofika, nilikuwa nimejifunika blanketi. Nikamwambia ziko sawa. Sikuwa nimezigusa.

Hazikuwa sawa. Gurudumu likishafungwa upya, nati hukaa vizuri zaidi baada ya lori kutembea kidogo na uzito wake, na zile ulizodhani zimekaza zinalegea. Ndiyo maana mafundi husema ukabadilisha gurudumu, rudia kukaza nati baada ya kilomita 50 hadi 100. Sisi tulienda, zikalegea, na gurudumu zima likachomoka. Tuliliona likitupita upande wa kushoto, kama linatuaga, likaingia shamba la watu na kulala katikati ya viazi.

Mwenye shamba alitoka na tochi. Tulimlipa viazi vyake, na tulishukuru Mungu kwamba ni viazi. Gurudumu la lori na rimu yake lina uzito wa mtu mzima na zaidi, na lilikuwa linakimbia kwa kasi. Wazia kama pale pangekuwa na stendi ya matatu.

Tangu usiku ule nilianza kupaka mstari wa rangi kwenye kila nati na rimu yake. Nati ikizunguka hata kidogo, mstari unakatika, na unauona bila hata spana. Mkebe mdogo wa rangi hukaa miezi. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, nami nimelipia ukuta wa viazi.

Kosa la tatu: “ongeza magunia kidogo”

Nilipopata leseni na kukabidhiwa usukani, nilijiona nimefika. Broka wa mahindi akanijia na maneno matamu: “Buda, lori lako linabeba. Ongeza magunia kidogo, chako kitakuwa hapa hapa.”

Hesabu ya lori la magurudumu kumi ni rahisi, na ningeifanya mapema ningekataa. Lori kama hilo lina ekseli tatu. Kwa sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, ekseli ya mbele inaruhusiwa tani 8, na zile mbili za nyuma tani 18 kwa pamoja. Jumla tani 26, lori lenyewe likiwemo. Ukitoa uzito wa lori letu, kama tani 11, unabaki na tani 15 za mzigo. Gunia la mahindi ni kilo 90. Tani 15 ni magunia 166 tu. Mimi nilibeba 200.

Nilikamatwa mizani ya Gilgil. Lori likavutwa pembeni. Hatukuruhusiwa kuondoka hadi mzigo uliozidi upungue, na kuna malipo ya kuzidisha uzani. Nikatafuta lori jingine la kuja kubeba magunia 34, vibarua wa kupakua, na chakula cha siku mbili. Broka hakushika simu. Mdosi alikata hasara kwenye mshahara wangu kwa miezi mitatu, na sikuwa na la kujitetea.

Halafu kuna jambo ambalo hatuambiwi. Uzani wa ziada hauharibu barabara kwa kadiri ile ile ulivyoongezeka. Majaribio ya wahandisi yaliyofanywa Marekani mwishoni mwa miaka ya 1950 yalionyesha kwamba ekseli ikizidishwa uzani kwa asilimia 20, uharibifu wa lami unakaribia kuwa maradufu. Yale mashimo tunayolaumu serikali kila siku, mengine tumeyachimba sisi wenyewe kwa magunia ya “ongeza kidogo”. Na lori lililozidi uzani halisimami pale ulipozoea lisimame. Breki ni zile zile, mzigo umekua.

Pia jua kwamba unaweza kuwa ndani ya tani 26 na bado ukakamatwa. Ukirundika mzigo wote nyuma, ekseli za nyuma zinazidi tani zake 18 hata kama jumla iko sawa. Simamia upakiaji mwenyewe. Usiende kunywa chai ukaachia vibarua.

Kosa la nne: kudanganya usingizi

Sheria ya Trafiki ya Kenya inasema dereva wa gari la biashara asiendeshe zaidi ya saa nane kwa jumla katika kila saa 24. Niliisoma nikicheka. Nani anakaa saa nane? Mimi nilikuwa natoka Kitale jioni, miraa shavuni, soda ya chupa mkononi, nikilenga kushusha Nairobi alfajiri na kugeuza bila kulala. Nikifanya safari ya ziada kwa wiki, doo inaongezeka.

Miraa inafungua macho, ila haikulazi. Ubongo uliokosa usingizi unajichukulia wenyewe, sekunde mbili hapa, nne pale, na wewe hujui umelala. Kasi ya juu kabisa kwa lori kwenye barabara kuu ni kilomita 80 kwa saa. Kwa kasi hiyo unatembea mita 22 kila sekunde. Sekunde nne za usingizi ni karibu mita 90. Huo ni urefu unaokaribia uwanja wa mpira, lori limejaa, usukani hauna mwenyewe.

Mimi niliamshwa na kokoto za kando ya barabara zikigonga chini ya lori, karibu na Gilgil. Mbele yangu kulikuwa na mtu na punda wake. Nilirudi barabarani na kusimama mbali kidogo, nikakaa nikitetemeka. Utingo wangu alikuwa bado amelala. Sikumwambia chochote. Hilo nalo ni kosa, kwa sababu angejua, labda angeanza kunikagua.

Ukihisi kope nzito, ukajikuta hukumbuki kilomita tano zilizopita, hiyo ndiyo ishara. Usifungue dirisha, usiongeze redio. Tafuta mahali salama uegeshe, ulale. Mzigo ukichelewa utagombezwa. Kugombezwa hakuui.

Kosa la tano: gari kuwekwa “free”

Sasa nifike kwenye lile lililoniondoa barabarani.

Ukitoka Mau Summit kuelekea Nakuru, barabara inashuka kupitia Sachangwan hadi Salgaa. Eneo hilo lina historia chungu. Januari 31, 2009, lori la mafuta lilianguka Sachangwan, watu wakakimbilia kuchota, moto ukalipuka na kuua zaidi ya watu 100. Desemba 31, 2017, basi na lori viligongana Migaa, watu 36 wakafariki. Na si mbali na hapo, katika makutano ya Londiani, Juni 30, 2023, lori lilipoteza mwelekeo na kuingia kwenye watu na magari kando ya barabara, likaua zaidi ya watu 50. Nayataja si kwa kukutisha. Nayataja kwa sababu tunapita hapo tukiwa tunacheka na redio.

Madereva walionitangulia walinifundisha kwamba ukifika kilele, unatoa gia, unaliacha lori liteleze free. Unaokoa dizeli, na dizeli iliyookolewa unaiuza kwa mtungi pembeni ya barabara. Mdosi hajui. Ndivyo nilivyoamini, na nilifanya mara nyingi bila tatizo. Hapo ndipo kosa linapojificha. Ukilifanya mara kumi likakuachilia, unaanza kuliita ujuzi.

Ukweli ni huu. Kwanza, akiba yenyewe ni ya uongo. Injini nyingi za kisasa, ukishuka mlima gia ikiwa ndani na mguu uko nje ya mafuta, hukata dizeli kabisa, kwa sababu magurudumu ndiyo yanayoizungusha injini. Ukiweka free, injini inalazimika kuchoma mafuta ili isizime. Pili, gia ikiwa ndani injini inalishika lori. Ukiitoa, kazi yote inaangukia breki. Breki za lori zinasimamisha kwa msuguano, na msuguano ni joto. Ukizikanyaga mfululizo kwenye mteremko mrefu, ngoma za breki zinapata moto hadi zinatanuka, leningi zinapoteza ushikaji, na ukikanyaga pedali lori halipungui kasi. Hewa inaweza kuwa imejaa kwenye tangi na bado lori lisisimame.

Siku hiyo ya Novemba nilikuwa na magunia 166, uzani halali kabisa. Utingo wangu alikuwa kijana wa miaka 19, niliyemchukua mwenyewe stejini. Tulipoanza kushuka nikatoa gia. Baada ya muda nikasikia harufu, kama mpira na chuma vinavyoungua. Naye akaisikia. Akaniambia, “Mkubwa, kuna kitu kinaungua.” Nikamwambia anyamaze, mimi ndiye dereva.

Nilipokanyaga breki mara iliyofuata, hakukuwa na kitu. Nikajaribu kurudisha gia, ikakataa kwa kelele. Lori likishashika kasi, gia ndogo haiingii tena. Mbele yangu kulikuwa na matatu, na mbele ya matatu, lori jingine. Upande wa kushoto kulikuwa na ukingo wa udongo, mlima umekatwa. Nikachagua udongo.

Tulisimama. Mimi nilitoka na mikwaruzo. Mahindi yalisukuma kutoka nyuma, kebini ikakunjika, na mkono wa kulia wa yule kijana ukabanwa kati ya dashibodi na kiti. Madaktari waliuokoa mkono, lakini vidole vitatu havikunji tena.

Hospitalini ndipo nilipojua kosa jingine. Kenya ina sheria ya mwaka 2007 ya fidia kwa wanaoumia kazini, WIBA, inayomtaka mwajiri awakatie bima wafanyakazi wake. Lakini jina la yule kijana halikuwa mahali popote. Mwenye lori alisema hamjui. “Wewe ndiye uliyemchukua.” Na kweli, nilikuwa namlipa kutoka mfukoni, kwa safari, kama wengi tulivyozoea. Ilichukua muda mrefu na wazee wa nyumbani kuketi chini mara kadhaa ndipo akapata kitu, nacho kilikuwa kidogo. Basi kama unaanza kazi hii, hata kama ni ya utingo, hakikisha jina lako limeandikwa. Ujumbe wa simu kwa mwenye lori kabla ya safari ya kwanza, unaosema unaanza lini na unalipwa ngapi, ni afadhali kuliko hewa. Ukiumia, ripoti mara moja.

Sasa wewe ufanyeje?

Mlima unapangwa kabla ya kuushuka. Fika kileleni polepole, ingiza gia ndogo ukiwa bado juu, ile ile ambayo ungetumia kupanda mlima huo huo. Tumia breki ya ekzosi kama lori linayo. Kanyaga breki kwa nguvu kiasi hadi kasi ipungue, kisha achilia zipoe, usizishikilie muda wote. Ukisikia harufu ya kuungua, tafuta mahali pa kusimama mapema, wakati bado unaweza kusimama. Na utingo akikuambia kuna kitu, msikilize. Macho mawili na pua moja zaidi ni bure.

Kila asubuhi kabla ya kuwasha injini, zunguka lori. Nati, matairi, taa, hewa inayovuja, kamba za turubai. Dakika kumi. Soma udereva katika shule inayotambuliwa na upate daraja la leseni linalolingana na lori unaloendesha. Usijifunze kwa kuibia barabara ya usiku. Ukiona lori la mafuta limeanguka, kimbia kuelekea upande mwingine, na umvute rafiki yako. Na mdosi akikuambia uongeze gunia au uvuke saa za kuendesha, mwambie hapana kwa heshima. Kazi nyingine utapata.

Yule kijana ana duka dogo la simu mtaani kwao sasa. Nampitia nikiwa njiani. Kila mara hunyoosha mkono wa kushoto kunisalimia, halafu anasema, “Niwie radhi mkubwa, nakusalimu na wa kushoto.” Ananiomba radhi yeye, na mimi ndiye nilimwambia anyamaze.